Jibu: Zimamoto iwe ya halmashauri au ya taifa?

Mkuu, umeuliza kwa nini Kenya zimamoto ni ya kaunti ilhali huku Tanzania ni jeshi chini ya Wizara ya Mambo ya Ndani. Kwa Kenya ni Katiba ya 2010: Jedwali la Nne limezipa kaunti zimamoto pamoja na ambulensi. Sisi tulikwenda kinyume. Vikosi vilikuwa vya halmashauri, ndipo Sheria ya 2007 ikaunda Jeshi la Zimamoto na Uokoaji: amri moja, namba moja, 114.

Binafsi naona tunabishania mmiliki tu. Moto wa soko haungoji gari litoke makao makuu ya mkoa. Likifika, visima vya maji ya kuzimia moto vinahitaji mamlaka ya maji, na vibanda vilivyoziba njia ni kazi ya halmashauri. Jeshi la taifa bado linategemea watu wa mtaani!

Ambulensi ni habari nyingine. Angalia m-mama, mfumo wetu wa usafiri wa dharura kwa wajawazito: mjamzito akipata dharura, 115 inapigwa, kituo cha mkoa kinaratibu, na ambulensi ikikosekana anatumwa dereva wa jamii aliye karibu. Uratibu mkoani, gari kijijini. Ningeupigia kura hata kwa moto, ila gari la zimamoto huwezi kulikodi kwa jirani.