Mtoto haongezeki kilo? Angalia uji wake kwanza

Mwanangu wa kwanza alipofika miezi 8 alikuwa na kilo 6.4 tu, na hapa kwetu Malindi kila aliyemwona alikuwa na lake la kusema. Mama mkwe akasema kabemendwa, jirani akasema hiyo ni chirwa mtafutieni mganga, yote mawili maana yake mzazi katoka nje ya ndoa ndo mtoto akadhoofika, mie nikawa nalia usiku manake maneno hayo yanavunja nyumba. Tukahangaika na makombe, yale maji ya kunywa yaliyooshewa aya za Kurani, wiki mbili na mtoto anazidi kwisha.

Kliniki nesi akamzungushia mkononi ule utepe wa rangi wa kupima utapiamlo, sentimita 11.9, njano, yaani ana utapiamlo lakini hajafika nyekundu ya hatari. Halafu akaniuliza uji wake ukoje. Nilikuwa nao kwenye chupa, akauchota akainamisha kijiko, ukamwagika wote kama chai. Akaniambia mama, haya ni maji, tumbo lake linajaa kabla chakula hakijaingia.

Yaani maziwa ya mama peke yake yanatosha mpaka miezi 6, baada ya hapo anaendelea kunyonya hata miaka 2 lakini lazima ale, na kitu kizito. Uji ukae kwenye kijiko usimwagike, utie tui au mafuta kidogo, umpondee mbaazi, samaki ukishamtoa miba vizuri, yai, mchicha. Miezi 6 mpaka 8 mara 2 au 3 kwa siku, kuanzia 9 mara 3 au 4. Chai usimpe kabisa, inazuia madini ya chuma, na mie ndo nilikuwa namchovyea mkate kila asubuhi!

Kitu cha pili ni maji. Ya kisima sikuwa nachemsha, na kila mwezi alikuwa anaharisha, anapoteza kile kidogo alichopata. Akiharisha mpe ORS, ile pakiti ya chumvi na sukari ya kuchanganya na maji safi, na zinki siku 10 mpaka 14 hata kama kashapona, na usimkatize kula.

Wangu alifika kilo 7.9 akiwa na miezi 11, alhamdulillah. Lakini kama wako anakula vizuri na bado haongezeki, dai vipimo, manake inaweza kuwa maambukizi ya njia ya mkojo, kifua kikuu, HIV, au ugonjwa wa moyo, huyu wa moyo utamwona anatoka jasho na kuchoka akinyonya. Na utepe ukisoma nyekundu, au miguu imevimba ukibonyeza panabaki shimo, usingoje siku ya kliniki, mpeleke leo leo.