Boda ya Entebbe na hiyo mita 81 yako

Mdogo wangu, kwenye swali lako la fizikia boda iko spidi ya kilomita 54 kwa saa barabara ya Entebbe, inafunga breki na kusimama kwa sekunde 3, we unasema imeteleza mita 81, hapo si angekuwa ashagonga taksi kitambo 😂 Shida umeweka 54 hivyohivyo na muda uko kwa sekunde. Gawa kwa 3.6 kwanza, unapata mita 15 kwa sekunde, spidi inashuka kutoka 15 hadi 0 kwa hiyo wastani ni 7.5, zidisha mara 3, mita 22.5 basi. Ile sehemu ya nguvu ya breki: 15 gawa 3 ni 5, yaani spidi inapungua 5 kila sekunde, mara kilo 200 (boda, abiria na mkungu wa matoke) ni nyutoni 1000, ukiona alama ya kutoa kwenye jibu (spidi inashuka, 0 toa 15), inaonyesha tu breki inavuta nyuma.