Msingi umemwagwa kinyume cha kibali: je, muda utauhalalisha?

Pesa za korosho zikiingia, Mtwara nzima hujenga. Pita Mangamba au Naliendele, kila kona rundo la mchanga, na fundi hashikiki kwenye simu. Ndugu zangu walio mbali huniachia nisimamie nyumba zao, kwa hiyo kila msimu naulizwa swali lilelile: kibali ninacho, ila nimeanza bila kutimiza masharti yake, si mambo yatajipa tu?

Hayajipi. Wapo wanaoapa kwamba ikitimia miaka 12 hakuna wa kukugusa. Hiyo 12 imetoka kwenye Sheria ya Ukomo ya 1971, na inamhusu mtu anayekwenda mahakamani kudai ardhi yake. Kibali cha ujenzi hakimo. Wengine wanajitetea kwa Luku: umeme ninao, kodi ya jengo inakatwa, serikali inanitambua. Kodi hiyo inakatwa kupitia mita ya umeme tangu 2021, na mita haikagui ramani ya mtu.

Shemeji yangu alipewa kibali cha nyumba ya kuishi, chenye sharti kwamba mkaguzi aitwe aone mitaro kabla ya zege. Fundi alikuwa na kazi nyingine Lindi inamsubiri, akamwaga Jumapili. Kisha shemeji, kwa kuwa kiwanja kinatazama barabara, akaongeza fremu mbili za duka kwa mbele. Zilipofika kwenye linta, ile boriti ya juu ya milango, mkaguzi akatokea na kopo la rangi: X nyekundu, na chini yake SIMAMISHA UJENZI, juu ya bloku ambazo hata plasta hazijaonja.

Makosa mawili, matokeo mawili. Kwa msingi, tulichimbua pembeni kwenye kona mbili mpaka mhandisi akaona kina na nondo, tukapeleka michoro upya, tukalipa faini, nyumba ikaendelea. Fremu zilikuwa ndani ya nafasi inayotakiwa kuachwa wazi kati ya mpaka na jengo. Hazikuombeka. Tulizivunja wenyewe, na bloku zilizotoka nzima hazikutosha hata choo.

Hapo ndipo watu wengi wanapochanganya. Kitu ambacho ungeruhusiwa kama ungeomba, unaweza kukiombea hata ukiwa umechelewa, ingawa ofisi hailazimiki kukubali. Kisichoruhusiwa tangu mwanzo hakina dawa. Ukijenga Shangani, hapa hapa Mtwara, ndani ya mita 60 kutoka baharini, Sheria ya Mazingira ya 2004 inakukuta hapo. Kwa barabara kuu, kama hii ya kwenda Mikindani na Lindi, hifadhi ya barabara, eneo lisilojengwa, ni mita 30 kila upande kutoka katikati ya barabara. Waliokuwa nje ya hifadhi ya zamani ya mita 22.5 kabla ya Sheria ya Barabara ya 2007, na sasa wamo ndani ya mita 30, wana hoja ya kulipwa fidia. Aliyejenga jana hana.

Najua kuna atakayenitolea mfano wa Uingereza. Ni kweli, England wana ukomo: tangu Aprili 2024, jengo lililokiuka likikaa miaka 10 bila kuchukuliwa hatua huwa salama. Lakini hata huko, ukianza kazi bila kutimiza sharti lililotakiwa litangulie, kwa kawaida kazi hiyo haihesabiki kuwa umeanza, na kibali chako kinaweza kukufia mkononi.

Kwa hiyo kama umeshaanza, usingoje rangi. Mpe mchoraji kazi ya kuchora jengo lilivyo sasa, siyo lilivyokusudiwa. Beba hati ya kiwanja au ofa, yaani barua ya kumilikishwa, kibali cha kwanza na risiti zake, nenda kwa afisa mipangomiji mwenyewe, usimtume fundi. Mwenyekiti wa mtaa mwambie pia, ila maneno yake "endelea tu kijana wangu" siyo kibali. Ukilipa chochote dai risiti ya serikali yenye namba ya malipo. Na mpaka majibu yatoke kwa maandishi, fundi asipandishe hata kozi moja ya bloku.