Maswali ya Wasomaji: Shahada ya Kemia na Ithibati ya Kitaaluma

SWALI: Mheshimiwa Mhariri, mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa pili wa shahada ya kwanza ya kemia. Chuo kikuu chetu kinatambuliwa na serikali, lakini rafiki yangu anayesoma kwingine ananiambia kwamba shahada yake ina ithibati ya chama cha wakemia na yangu haina. Je, ninachokisoma kina upungufu? Na je, nitazuiwa kufanya kazi ya ukemia?

JIBU: Ndugu msomaji, hapa kuna mambo mawili ambayo huchanganywa kila mara. Ithibati inayotolewa na mamlaka ya elimu ya juu husema kwamba chuo kina haki ya kufundisha na kutunuku shahada. Ithibati ya kitaaluma hutolewa na wanataaluma wenyewe kupitia chama chao, na swali lao ni jembamba zaidi: je, aliyehitimu programu hii amefundishwa yale ambayo mkemia anayeanza kazi anapaswa kuyajua na kuyatenda kwa mikono yake? Shahada inaweza kuwa halali kabisa kwa ithibati ya kwanza bila kuwa na ya pili, na ndivyo ilivyo shahada yako.

Haja ya jambo hili la pili ilitokana na maslahi ya umma. Nchini Uingereza, sheria ya vyakula na dawa ya mwaka 1875 iliwapa wachanganuzi wa umma kazi nzito ya kupima vyakula vilivyochakachuliwa, na ikawa lazima kujua ni nani anayeiweza kweli kazi hiyo. Mwaka 1877 ikaanzishwa Institute of Chemistry, taasisi ambayo jukumu lake kuu lilikuwa kuthibitisha sifa za wakemia. Mwaka 1980 taasisi hiyo, ambayo wakati huo ilikuwa na hadhi ya kifalme, iliungana na vyama vingine vitatu na kuwa Royal Society of Chemistry, ambayo leo hutoa ithibati kwa shahada za kemia ndani na nje ya Uingereza.

Ni vyema ujue pia kwamba vyama havifuati njia moja. Royal Society of Chemistry huipa ithibati programu yenyewe, kwa jina lake kamili na kwa kipindi maalumu, hivyo kila anayeihitimu katika kipindi hicho hunufaika nayo. American Chemical Society ya Marekani, iliyoanzishwa mwaka 1876, huendesha mambo kwa namna nyingine: kamati yake ya mafunzo ya kitaaluma, iliyoundwa mwaka 1936, huidhinisha idara ya kemia, kisha idara hiyo ndiyo humthibitisha mwanafunzi mmoja mmoja aliyetimiza masharti yote ya chama. Kwa utaratibu huo wa pili, wanafunzi wawili wanaweza kuhitimu idara moja siku moja, mmoja akiwa na cheti cha chama na mwenzake akiwa na shahada peke yake, kwa sababu tu huyu wa pili alichagua kozi chache zaidi za kemia. Kwa hiyo mtu anapokuambia kwamba shahada yake ina ithibati, ni haki yako kumuuliza kilichopewa ithibati ni kipi: idara, programu, au yeye mwenyewe.

Kuhusu kuzuiwa kazini, katika nchi nyingi ukemia hauhitaji leseni kama udaktari, na mwajiri huangalia shahada, matokeo na uzoefu. Lakini ziko nchi ambazo sheria humtaka mkemia asajiliwe: Malaysia ina sheria ya wakemia ya mwaka 1975, Ufilipino ina sheria ya mwaka 2015 inayodai mtihani wa leseni, na katika jimbo la Quebec nchini Kanada cheo cha mkemia kinalindwa kisheria. Ikiwa unatazamia kufanya kazi mahali pa namna hiyo, soma masharti ya usajili sasa, wakati bado unaweza kuchagua kozi, wala usingoje mpaka uhitimu.

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni mhadhiri, na idara yetu inafikiria kuomba ithibati ya chama cha wakemia. Wenzangu wanaamini kwamba tukiupanga mtaala vizuri kwenye karatasi tutakuwa tumemaliza. Je, ni kweli?

JIBU: Mwalimu, mtaala ni mwanzo tu. Wakaguzi hutarajia kuona matawi makuu yakifundishwa kwa kina, yaani kemia ogania, kemia isiyo ogania, kemia fizikia na kemia changanuzi, na kwa Wamarekani huongezwa baiokemia. Mahali ambapo idara nyingi huanguka ni maabara. Mwongozo wa American Chemical Society wa mwaka 2015 ulidai saa 400 za maabara, bila kuhesabu zile za kemia ya utangulizi, na ukataka wanafunzi watumie wao wenyewe vifaa vya kisasa, ikiwamo spektromita ya NMR (kifaa kinachoonyesha muundo wa molekuli) inayofanya kazi. Kifaa kilichofunikwa kwa sababu hakuna fundi wala vipuri hakiisaidii idara, hata kama kimeorodheshwa.

Mwongozo huohuo uliweka saa 15 kwa wiki kuwa kikomo cha saa ambazo mwalimu mmoja anakuwa na wanafunzi darasani na maabara, na ukasema kwamba msimamizi mmoja wa maabara asiwe na wanafunzi zaidi ya 25. Naomba wenzako wayatafakari masharti haya mawili kabla ya mengine yote, kwa maana yanahusu uhai wa watu. Mwalimu aliyechoka, akiwa na wanafunzi 60 wanaopasha moto viyeyusho vinavyowaka haraka, hawezi kufundisha usalama, na usalama haufundishwi kwa mhadhara mmoja wa mwanzo wa mwaka. Wakaguzi wenye uzoefu huzungumza na wanafunzi bila walimu kuwapo, na hapo ndipo karatasi nzuri hushindwa kujitetea.

Jambo moja dogo: ithibati ya shahada isichanganywe na ithibati ya maabara za upimaji chini ya kiwango cha ISO/IEC 17025. Hiyo hupima uwezo wa maabara kutoa matokeo ya kuaminika, wala haisemi lolote kuhusu ufundishaji.

SWALI: Mhariri, nilihitimu kemia kabla programu yetu haijapata ithibati. Sasa imeipata. Je, nami ninahesabika?

JIBU: Kwa kawaida, la. Ithibati hutaja kipindi inachokihusu, na waliohitimu kabla ya kipindi hicho hawaingii humo, hata kama walifundishwa na walimu walewale. Hata hivyo mlango haujafungwa. Royal Society of Chemistry, kwa mfano, huwapokea waombaji wa uanachama ambao shahada zao hazina ithibati, na sifa za kila mmoja hupimwa peke yake. Hata CChem, hadhi ya kitaaluma inayotolewa na chama hicho, inaweza kufikiwa kwa kuthibitisha kwamba elimu na uzoefu wako kazini vinalingana na kiwango kinachotakiwa.

Tathmini ya namna hiyo hutegemea ushahidi. Nenda katika chuo chako uombe maelezo rasmi ya kila kozi kama yalivyokuwa katika miaka uliyosoma, yakionyesha saa za maabara na majaribio yaliyofanywa, kwa sababu mitaala hubadilishwa na nakala za zamani hupotea. Tunza tasnifu yako pamoja na daftari zako za maabara, na mwombe msimamizi wako wa kazi akuandikie barua inayotaja mbinu unazozitumia mwenyewe, kama vile titresheni, kromatografia au spektroskopia, badala ya barua ya jumla inayosema kwamba wewe ni mfanyakazi mzuri.