Jarida na leja: majibu kwa watunza hesabu wa Tabora

Swali: Nimechaguliwa mweka hazina wa AMCOS yetu ya tumbaku (chama chetu cha ushirika cha wakulima), Urambo. Nimekabidhiwa vitabu viwili vya hesabu, jarida na leja, na naona habari zile zile zimeandikwa kote kuwili. Kwa nini tujichoshe?

Jibu: Habari ni zile zile, lakini mpangilio wake haufanani. Jarida hufuata tarehe na leja hufuata akaunti. Tuseme tarehe 12 Novemba mwanachama amechukua kwa mkopo mifuko 3 ya mbolea, kila mfuko shilingi 70,000. Siku hiyo hiyo utaandika katika jarida: akaunti ya mwanachama, debiti 210,000, akaunti ya mbolea, krediti 210,000, na chini yake maelezo ya mstari mmoja pamoja na namba ya hati iliyotolea mbolea stoo. Kisha utahamishia leja: 210,000 upande wa debiti, yaani kushoto, wa ukurasa wa mwanachama, na kiasi hicho hicho upande wa krediti, yaani kulia, wa ukurasa wa mbolea. Masoko yakifunguliwa na mwanachama huyo akakatwa 150,000 katika malipo yake, ukurasa wake utakuonyesha mara moja kwamba amebakiwa na deni la 60,000, jambo ambalo kwa jarida peke yake lingekulazimu kupekua miezi yote, mstari kwa mstari.

Swali: Ninauza asali hapa Tabora mjini. Nina daftari la madeni tu, kila mteja na ukurasa wake. Halitoshi?

Jibu: Daftari hilo ni kipande cha leja ambacho hakina jarida nyuma yake. Luca Pacioli, mtawa wa Italia aliyechapisha Venice mwaka 1494 maelezo ya namna wafanyabiashara wa huko walivyotunza hesabu, alitaja vitabu vitatu: daftari la kunasia mambo papo hapo, kisha jarida, kisha leja. Kwa meza moja ya asali sitakulazimisha kuwa na vyote vitatu. Anza na kitabu cha fedha chenye tarehe, kiasi na namba ya risiti, ili mteja akidai kwamba alikwisha kulipa, mfungue siku anayoitaja badala ya kubishana juu ya ukurasa wake.

Swali: Urari wetu umelingana hadi senti ya mwisho, lakini mzee mmoja hapa Sikonge analalamika kwamba anadaiwa mbolea ambayo hakukopa. Nani mkweli?

Jibu: Huenda mzee ndiye mkweli. Urari hulinganisha jumla ya debiti na jumla ya krediti, basi. Kama deni la mwanachama wa ukurasa wa 14 limehamishiwa ukurasa wa 41, jumla haitikisiki hata kidogo, ingawa mtu mmoja amebebeshwa mzigo wa mwenzake. Ndiyo maana kila mstari wa leja hutakiwa kuwa na namba ya ukurasa wa jarida ulikotoka, na jarida nalo namba ya ukurasa wa leja. Ni safu nyembamba ambayo wengi huiacha tupu kwa uvivu. Fuata namba hiyo hadi kwenye jarida, kisha uitafute hati yenye sahihi ya mkopaji.

Ukishalithibitisha kosa, usilikwangue kwa wembe, kwa kuwa mkaguzi akikuta karatasi imekwanguliwa atatilia shaka hata kurasa zilizo safi. Andika katika jarida ingizo jipya la kusahihisha, lenye tarehe ya leo: ukurasa wa 14 debiti, ukurasa wa 41 krediti, pamoja na sababu. Kosa na marekebisho yake vyote vibaki vikisomeka.

Swali: Tukianza kutumia programu ya kompyuta, jarida linakufa?

Jibu: Halifi. Unaingiza muamala mara moja tu, na programu inahamishia leja yenyewe. Ukikosea akaunti, itahamisha kosa lako kwa haraka ile ile.

Swali: Leja ikishafungwa, tunaweza kuchoma majarida ya zamani?

Jibu: Hapana. Sheria ya Usimamizi wa Kodi ya mwaka 2015 inataka kumbukumbu zitunzwe kwa muda usiopungua miaka 5, na stakabadhi zimo humo.