Triga ya dola 200: unalipia nini hasa?

Kijana mmoja wa Moshi anayejiandaa na mtihani wa mwindaji bingwa, yule anayeongoza wageni kuwinda, ameniandikia: "Kaka, shikamoo. Bunduki imekuja na triga yake, kile kifyatulio cha kuvuta kwa kidole. Kwa nini nilipe dola 200 kwa triga nyingine, kitu chenyewe kinaenea kiganjani?" Marahaba mdogo wangu. Nakujibu hapa mbele ya wote kwa sababu wanaojiuliza hivyo ni wengi, na kwa sababu swali hili limegusa kidonda changu.

Mimi nilianza kama trekka. Nilifuata nyayo, nikabeba bunduki za watu, nikasoma usiku kambini mpaka nikapata leseni yangu mwenyewe. Kampuni niliyokuwa nayo wakati ule ilikuwa na bunduki ya .375, ya risasi nene za wanyama wakubwa, ya kuazima wageni waliokuja bila silaha, na wageni walikuwa wakikosa nayo sana. Lawama zote zikaenda kwenye darubini. Nikashuka soko la Kilombero hapa Arusha, nikanunua mizani ya kuning'iniza ya kupimia nyama. Chemba ya risasi ikiwa tupu, tumeikagua watu wawili, nikaipachika ndoana kwenye triga na kuvuta polepole. Mshale ukapita kilo moja, ukapita mbili, triga ikasogea ikakwama, ikasogea tena kwa kukwaruza, na pini, ile inayogonga risasi, ikaruka wakati mshale uko kwenye kilo tatu. Kisha nikalaza sarafu ya shilingi 200 juu ya mtutu, karibu na mdomo, mwenzangu akafyatua bila risasi. Sarafu ikaanguka. Akarudia, ikaanguka tena. Bunduki yenyewe ina kilo nne na kitu, halafu unaivuta kwa kidole kwa nguvu ya kilo tatu. Mtutu utatulia vipi?

Nikampelekea mkubwa wangu majibu hayo. Akaniambia mbele ya wapishi na madereva: "Trekka wa juzi unataka kunifundisha bunduki?" Watu wakainamisha macho. Msimu huohuo, kule Monduli, mgeni alimpiga nyati tumboni kwa bunduki ileile, tukamfuata ndani ya kichaka mpaka giza likakaribia. Tulimmaliza salama, namshukuru Mungu, lakini lile neno halijanitoka.

Sasa bei. Ndani ya triga kuna vijino viwili vya chuma vinavyoshikana, na pale vinapoachana ndipo pini inaruka. Siri yote iko kwenye nyuso za vijino hivyo. Kiwanda kinachotengeneza bunduki kwa wingi hutafuta njia ya haraka: vipande vinapigwa chapa, au unga wa chuma unasukumwa kwenye kalibu na kuokwa. Bunduki ya Remington Model 700 ipo tangu 1962 na zimeuzwa mamilioni, kwa hiyo gharama ya triga moja inagawanyika mpaka huioni, imefichwa ndani ya bei ya bunduki. Watengenezaji wa triga peke yake kama Timney, ambao wako kwenye kazi hii tangu 1946, wanakata chuma kigumu cha kutengenezea zana, kwa kipimo kidogo kuliko unywele, wanakisugua, na kila aina ya bunduki inataka triga yake. TriggerTech wa Kanada wao wameweka kigololi kirefu katikati ili vijino visikwaruzane kabisa. Idadi ni ndogo, kazi ni nyingi, na mtengenezaji anabeba hofu ya kushtakiwa iwapo kitu kitajifyatua. Ndiyo maana unakutana na dola 150 hadi 300, bado hujalipa usafiri na ushuru.

Hofu hiyo si ya bure. Aprili 2014 Remington waliziita zirudishwe bunduki zao zenye triga ya X-Mark Pro, zilizotengenezwa kuanzia 2006, kwa sababu gundi iliyozidi wakati wa kuunganisha ingeweza kufanya bunduki ilie yenyewe. Gundi tu! Ndiyo sababu viwanda vingi huacha triga iwe nzito: hawajui nani ataishika.

Leseni ilipotoka na nikapata .375 yangu, niliagiza triga nzuri kupitia njia halali, akaifunga fundi anayetambulika, ikawekwa kwenye kilo moja na nusu. Msimu huu wageni wangu wamepiga vizuri, na yule mkubwa amemtuma mtu aniulize nimefunga triga gani. Nimemjibu kwa adabu.

Lakini ndugu zangu, msikimbilie bei. Kwa nyati usitake triga nyepesi kama ya watu wa shabaha. Mkono unatetemeka, moyo unakwenda mbio, kidole kikigusa kabla ya wakati umeua mwenzako. Na ukiwinda Longido unajua vumbi lile linavyoingia kila mahali. Triga iliyofungwa kwenye kisanduku chenye nafasi finyu likishaingia ni shida kulitoa. Ndiyo maana wazee wa kazi bado wanaipenda ile ya zamani ya Winchester Model 70, iko wazi, unaipuliza na kuendelea. Heshimu silaha. Usifungue triga mezani kwako kwa bisibisi kwa sababu umeona video, na usiagize kipande chochote kabla hujauliza polisi waliokupa leseni.

Mdogo wangu wa Moshi, umeniambia yako ni bunduki ya Savage yenye AccuTrigger, triga ya kampuni hiyohiyo. Savage walianza kuifunga kiwandani mwaka 2002, na inarekebishika. Usinunue triga. Mpe fundi aipime kwa mizani, aishushe kama ni nzito, na hizo dola 200 zitie kwenye risasi za mazoezi kabla msimu wa uwindaji haujaanza Julai.