Kuunganisha diski tatu ziwe hifadhi moja

Ndugu, nimekuelewa: una diski mbili za terabaiti 1 na moja ya terabaiti 2, nawe unataka Windows izionyeshe kama hifadhi moja ya picha na video zako. Linawezekana, ila kabla ya kugusa chochote nakili mafaili yote kwenye diski nyingine ya nje, kwa sababu kuziunganisha hufuta kila kilichomo.

Tumia Storage Spaces, zana ya kuunganisha diski iliyomo ndani ya Windows tangu toleo la 8. Ukichagua muundo usio na kinga unaweza kupata hadi takriban terabaiti 4, lakini diski moja ikifa, hifadhi nzima huenda nayo. Niliwahi kupoteza picha za miaka mingi kwa njia hiyo, na bado inaniuma. Ndiyo maana nakushauri uchague muundo wa nakala mbili: utabaki na takriban terabaiti 2, lakini diski moja ikiharibika mafaili yatasalimika. Hata hivyo, nakala ya nje bado unaihitaji, kwani faili ulilolifuta kwa bahati mbaya hufutika kote.

Diski inayotoa mlio wa kugonga-gonga usiiunganishe kabisa. Zima kompyuta na umpelekee fundi wa kuokoa data.